Msomaji Wenu ni Mwalimu Nathanael

Jumatatu, 3 Machi

Mashine za vitabu zimefika. Tatu tu, za majaribio: nyeusi, nyeupe na ya njano. Bwana Aristides, mwenyekiti wa chama chetu cha wasomaji wasioona, alizipanga mezani ofisini kama mtu anayeuza viatu, akasema, "Mama Joanitha, hizi ni zako hadi katikati ya Mei. Wazungushie wanachama, sikiliza wanasemaje, kisha niandikie jina la moja. Wafadhili watanunua sitini za aina hiyo. Tukikosea, tumekosea mara sitini."

Nimezileta nyumbani Kibeta kwenye kikapu cha sokoni, nikiwa nimezifunika kwa khanga maana mvua ya masika imeanza leo hii.

Niandike ilivyo, ripoti itahitaji. Wanachama wetu wanasikiliza vitabu kwa redio ndogo za kadi. Ukiizima redio, ukaiwasha tena, inarudi mwanzo wa kitabu. Mtu anasikiliza, anaitwa kula, akirudi anaanza upya. Wako watu Rubafu wanaoijua sura ya kwanza kama Baba Yetu, lakini hawajui kitabu kinaishaje.

Vitabu tulivyo navyo kwa sauti ni kumi na kimoja. Tisa alivisoma mume wangu, Nathanael. Alifariki Mei mwaka juzi.

Siwezi kuzijaribu mashine bila kumsikiliza. Leo sijazijaribu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sijawasha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasha nyeusi. Kwanza iliongea Kiingereza, kisha ikakohoa kidogo, kisha yeye: "Karibu, msikilizaji. Msomaji wenu ni Mwalimu Nathanael, kutoka Bukoba."

Nilizima. Nikaenda jikoni, nikamenya ndizi zote zilizokuwepo, hata za kesho. Niliporudi kuiwasha nilikuwa nimejiandaa kusikia "Karibu" tena. Lakini mashine hii inakumbuka. Iliendelea palepale nilipomkatia, katikati ya neno, kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akinisubiri nimalize shughuli zangu.

Kuna kitufe cha kasi. Nikimharakisha anakuwa mtoto. Nikimpunguza anakuwa mtu anayesema kutoka chini ya maji.

Kwa ripoti: nyeusi ina vitufe vikubwa, kila kimoja na umbo lake. Inakumbuka mahali. Maelekezo yake yote ni kwa Kiingereza.

Jumamosi, 8 Machi

Nyeupe ni nyembamba, nzuri, kioo kitupu mbele. Haihitaji msomaji. Unaiwekea maandishi, inasoma yenyewe kwa sauti ya kompyuta. Nimeijaribu na tangazo la usharika. Neno "pale" ikalisoma kama Kiingereza, "peil", na "mke wake" ikawa "mke weik". Nilicheka peke yangu.

Naipenda. Ndani yake hamna mtu.

Jumatano, 12 Machi

Kaagya, kwa Mwijage. Ni mkulima wa kahawa, surua ilimpofusha akiwa mdogo, na sijawahi kumkuta amekaa bure. Leo nilimkuta akichambua maharage. Alizipapasa mashine zote tatu, akazinusa, akaichagua ya njano, ile yenye kioo cha jua mgongoni. Sauti yake ni kubwa kuliko nyingine. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba sisi wenyewe tulikuwa tunapigiana kelele, lakini ile ya njano ilisikika.

"Hii nitaisikia hata nikiwa kwenye migomba," alisema. "Lakini jua liko wapi? Itakula nini mwezi huu wote?"

Nikamwachia aijaribu. Wakati wa kuagana akasema, "Msalimie Mwalimu. Na umwambie kile kikohozi chake sikipendi."

"Kikohozi gani?"

"Mama, unakaa naye nyumba moja hukisikii? Kwenye vile vitabu vya mwanzo hakuwa nacho. Kwenye hiki cha mwisho, kila ukurasa."

"Salamu zimefika," nikasema.

Hivyo ndivyo ninavyojibu. Kazi hii nilipewa miezi sita baada ya mazishi. Mtu wa kwanza niliyemtembelea alinishika mikono yote miwili kwa furaha, "Kumbe wewe ndiye mke wa Mwalimu! Msalimie sana," nami sikuweza kumvunja moyo. Nikasema zimefika. Wa pili alipotuma, nikasema hivyo hivyo. Sasa ni mwaka na zaidi, ingawa Bwana Aristides ananiomba niwaambie. Hawa watu kila siku wanamsikia anawakaribisha. Nani angewaambia kwamba amekufa, na kwa nini wamwamini?

Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu Joanitha amepiga simu kutoka Mwanza. Nimemwambia niko salama.

Jumanne, 18 Machi

Muleba, kwa mzee Rugaibula, Ta Rugaibula kama tunavyowaita wazee huku kwetu, karani mstaafu wa mahakama. Nyumba yake iko juu ya barabara na mabasi ya Biharamulo yanatikisa vikombe. Nilimpa nyeupe. Aliipitisha kidole juu, chini, pembeni. Akarudia.

"Vitufe viko wapi?"

"Unagusa tu, Ta. Ukigusa mara mbili inafunguka."

"Nigusie wapi?"

Nikamshika kidole nikamwonyesha. Nilipokiachia kikapotea. Akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha zawadi. "Hiki ni kioo, mama. Mnanipa kioo mimi?"

Niliandika: *Anahitaji mafunzo zaidi.*

Wakati wa kuondoka aliamuru mkungu wa ndizi upakiwe kwenye gari. "Wa Mwalimu. Mwambie aule, apate nguvu ya kumalizia kile kitabu, maana nasikia hakijaisha. Nataka kujua yule mwanamke alimpata kaka yake au hakumpata."

Anazungumzia ile riwaya ndefu ya mwandishi mmoja wa huku kwetu, ya mwanamke aliyevuka ziwa kwenda Uganda kumtafuta kaka yake. Ina sura ishirini. Nathanael aliishia ya kumi na sita.

Ijumaa, 21 Machi

Mkungu uko jikoni. Sijaugusa. Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Ndizi zimeanza kuiva. Jirani ameuliza kwa nini nyumba inanukia hivi. Nimempa zote.

Alhamisi, 27 Machi

Rubafu. Barabara imekatika mahali pawili na nimefika nikiwa na tope hadi magotini. Ma Kokwijuka alikuwa karani wa mizani kwenye ushirika wa kahawa hadi presha ya macho ilipompofusha akiwa na miaka hamsini. Sasa ana zaidi ya sabini. Anakaa wima kama bado yuko kwenye mizani na watu wako foleni.

Nilimfundisha mashine nyeusi mara moja tu. Mara ya pili alinifundisha mimi. Kilipokuja kile Kiingereza cha kuwasha, akasema, "Huyu mgeni anataka nini?" Nilipozima nikawasha, Nathanael akaendelea pale alipoachwa, mama yule aliinua kichwa.

"Amesubiri," alisema.

"Ndiyo, Ma. Inakumbuka."

"Miaka mitatu namsikia akinikaribisha. 'Karibu, msikilizaji.' Nimekaribishwa mpaka nimechoka. Sasa nitaingia ndani." Kisha akanigeukia. "Mwalimu hajambo?"

Hapa "zimefika" haikutosha. Alikuwa ameuliza swali, na alikuwa anasubiri, na shingo yake ilikuwa imeinama upande wangu.

"Hajambo," nikasema.

Nimemwachia mashine kwa mwezi mzima. Njiani nimerudi nalo lile neno mdomoni kama kitu kilichooza.

Jumatano, 2 Aprili

Mwijage amepiga simu. Ya njano imekufa siku ya tatu, jua hakuna, na hata ilipokuwa hai ilikuwa inarudi mwanzo. "Ni redio yangu ya zamani iliyovaa nguo mpya," amesema. Ya njano nimeifuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeandika rasimu ya ripoti. Nimeandika *nyeupe*.

Nimetoa sababu nne na zote zinasomeka vizuri. Inasoma maandishi yoyote. Hatutategemea tena msomaji mmoja. Ni nyepesi. Vijana wataipenda. Bwana Aristides ameipitia, akasema hata yeye alikuwa anaielekea hiyo.

Sababu ya tano nimeiacha, niiandike hapa ambapo hakuna anayesoma. Tukinunua nyeupe sitini, kadi za Nathanael zitawekwa kabatini na hakuna tena atakayeniambia nimsalimie.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Migomba mitatu imelala, mmoja juu ya kaburi la Nathanael. Nimemlipa mtu auondoe. Sikwenda kutazama.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba bila besi, kama ilivyo tangu Nathanael alipotoka. Leo nimekaa kanisani na hasira zangu za zamani, niziandike zitoke.

Mwaka ule wa mwisho aliacha kwaya. Nilipomuuliza akasema vijana wapewe nafasi. Aliacha viatu akawa anavaa ndala hadi shuleni. Alihama kitanda chetu, akawa analala amekaa kwenye kiti cha sebuleni, na shuka mabegani. Na kila jioni alikuwa mjini, kwa Salma Burhani, kwenye kile chumba chake nyuma ya duka alichokipigilia magodoro ukutani, eti wanarekodi. Salma ni mjane, mdogo kwangu, anasema Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni. Ningedhani nini? Mwanaume asiyetaka kitanda changu, asiyetaka kuimba na wenzetu, na kila jioni amejifungia na mwanamke.

Wiki chache kabla hajafa, nilimwambia mlangoni: "Siku utakayomaliza vitabu vya yule mwanamke, siku hiyo urudi kuwa mume wangu."

Hakukasirika. Alisema, "Zimebaki sura sita."

Kwenye mazishi Salma alikuja. Nilimpa mgongo, na watu wakaona.

Ijumaa, 25 Aprili

Bwana Aristides anataka ripoti mapema. Nimemwomba nikachukue kwanza nyeusi Rubafu, nisiandike bila maoni ya Ma Kokwijuka. Sijui kwa nini nimemwomba.

Jumanne, 29 Aprili

Nitaandika yote.

Nilimkuta Ma Kokwijuka sebuleni, mashine iko mapajani, imezimwa. Hakunipa kahawa ya kutafuna, tunayomkaribishia mgeni, na kwake hiyo haijawahi kutokea. Alisema, "Kaa hapa karibu. Nimefika sura ya kumi na nne."

"Hongera, Ma. Umekwenda mbali."

"Inapoisha, kuna kimya. Watu wanaoona wakisikia kimya wanazima. Mimi sizimi, huwa nangoja kujua kama kimeisha kweli. Kumbe baada ya kile kimya kuna watu wanaongea, na hawaongei habari za kitabu. Nimesikiliza mara moja tu. Mara ya pili nikaona si haki yangu."

Akabonyeza bila kupapasa.

Ulikuwa mwisho wa sura. Nathanael akasema, "Na huo ndio mwisho wa sura ya kumi na nne." Kimya. Kimya kirefu hata nikadhani betri imekwisha. Kisha nikamsikia akihema. Niliishi na yule mtu miaka ishirini na saba na sijawahi kumsikia akihema namna ile, kama mtu anayepanda mlima na mfuko wa kahawa kichwani.

Sauti ya Salma, kwa mbali: "Mwalimu, midomo imebadilika rangi. Leo inatosha."

"Bado sita."

"Daktari alisema upumzike. Alisema moyo umetanuka. Nilikuwepo, nilisikia."

"Nitapumzika zikiisha."

"Mama Joanitha amejua?"

Akakohoa. Kikohozi kile alichokisema Mwijage. Kisha akasema, polepole, "Hajajua. Mama yake tumemzika Januari. Bado anaamka asubuhi anachukua simu ampigie. Mwache amalize msiba mmoja kwanza, Salma. Nitamwambia baada ya masika."

"Na usipofika baada ya masika?"

"Wewe umeniapia."

"Nimekuapia, na ninajuta."

Kiti kikalia. Salma akasema, "Ee, mashine bado imewaka," na ikakatika.

Mvua ilikuwa imesimama. Kuku walikuwa wanakuna-kuna nje. Ma Kokwijuka alisema, bila kunigeukia, "Amekufa, siyo?"

"Ndiyo, Ma."

"Lini?"

"Tarehe tisa Mei. Mwaka juzi."

Akahesabu kwa vidole, kama karani. "Mwaka juzi. Na mimi mwezi uliopita nimekuuliza hajambo, ukanijibu hajambo."

"Nisamehe, Ma. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba tutalia? Mwanangu, mimi simjui mtu yeyote dunia hii kama ninavyomjua yule. Watoto wangu wanakuja Krismasi. Yeye alikuja kila siku. Umepokea salamu zangu, ukazipeleka kwa marehemu, ukaniletea majibu. Umetunyima msiba wetu."

Nilipiga magoti. Nilidhani ataniinua. Hakuniinua. Alisema tu, "Nenda kwa yule mwanamke. Kwangu utarudi baadaye."

Mashine akanirudishia mkononi. Nimeishika njia yote kama yai.

Sasa niko nyumbani. Ndala zilikuwa kwa sababu miguu ilivimba. Kiti kilikuwa kwa sababu akilala hapumui. Kwaya ilikuwa kwa sababu pumzi haikutosha. Kila kitu alichonificha kilikuwa mbele ya macho yangu mawili mazima, nami nikakisoma vibaya. Na lile neno nililomwambia mlangoni, naona sasa, lilikuwa la jioni ile ile ya sura ya kumi na nne.

Jumatano, 30 Aprili

Sikwenda kazini.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua mchana kutwa. Nimeisikiliza mara sita. Kisha nikaenda hadi sura ya kumi na sita. Hapo anasoma kwa vipande, maneno matatu, pumzi, maneno manne, pumzi. Halafu anaisha.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kwa Salma.

Alikuwa anapanga betri kwenye rafu ya duka. Aliponiona aliziweka chini zote. Hakusema karibu. Alifungua mlango wa nyuma, tukaingia kwenye kile chumba ambacho nimekichukia bila kukiona. Ni kidogo kuliko jiko langu. Magodoro ukutani, meza, kipaza sauti, na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto mgongoni.

"Chake?" niliuliza.

"Chake. Alikuwa hawezi kuegemea mbao."

Nikamwambia nilichosikia. Akaziba uso kwa mtandio. "Wallahi sikujua kama ilinasa. Kadi zile nilizituma bila kusikiliza hadi mwisho. Ningekata."

"Kwa nini hukuniambia, Salma?" Nilipiga kelele, lakini kile chumba hakirudishi sauti, kinaimeza. "Ulimwona anakufa. Mimi ni mkewe. Ungekuja hata usiku, ungenigongea!"

"Nilikuja."

"Lini?"

"Siku chache kabla hajafa. Alikuwa shuleni. Nilibisha hodi. Ulifungua, ukaniona ni mimi, ukafunga."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeisahau kabisa, maana siku ile niliihesabu kuwa siku ya ushindi.

Salma akasema, "Nilimwekea maji. Nilimwekea mto. Nilimkatizia nusu saa badala ya saa nzima. Kumnyamazisha sikuweza. Alikuwa anasema, 'Nikifika ukurasa wa mwisho kuna watu watatoka gizani na kile kitabu.' Basi. Na akizima mashine alikuwa anasema habari zako tu, mpaka nikawa nakuonea wivu."

Nikamuuliza kama anajua jinsi ya kubadilisha Kiingereza cha ile mashine nyeusi.

Jumatatu, 5 Mei

Salma amefungua kadi ya nyeusi kwenye kompyuta. Maelekezo yote ni mafaili madogo ya sauti. Ameyaondoa, akarekodi yake: "Imewashwa." "Kitabu kinachofuata." "Betri inakaribia kwisha, ichaji." Jioni nilimpigia Ta Rugaibula nikamsikilizisha kwenye simu. "Huyo sasa ni mtu," alisema. "Nitaongea naye."

Ijumaa, 9 Mei

Miaka miwili. Nimekaa ndani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemrudishia Bwana Aristides ripoti mpya. Nyeusi. Akauliza nyeupe imekosa nini, maana wafadhili walikuwa wameshaanza kuipenda. Nikamweleza: mzee wa Muleba hakuona pa kugusa. Mashine inasoma Kiswahili kama mtalii. Na mtu asiyeona anahitaji kitu kinachokumbuka alipoishia, basi, hata kama hakifanyi lingine lolote.

"Lakini mwezi jana uliandika nyeupe. Na ulitoa sababu nne."

"Sababu yenyewe ilikuwa ya tano, Bwana Aristides." Nikamwambia. Akakunja ile rasimu ya zamani, akaitia mfukoni mwake, si kwenye pipa. "Nitawaandikia leo," alisema. "Na hao wanachama uwaambie. Nimekuomba tangu mwaka jana."

Jumamosi, 17 Mei

Chumba cha Salma. Tumekubaliana kipande cha sura ya kumi na nne kitolewe kwenye kadi zote. Amenipa mimi peke yangu, kwenye kadi yake.

Halafu zile sura nne. Nilitaka kuzisoma mimi. Nilikaa kwenye kile kiti chenye mto, nikafungua sura ya kumi na saba, nikasoma mistari sita. Salma akanirudishia niisikie. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba radhi, si ya mtu anayesimulia. Wasikilizaji hawajakosa lolote la kusomewa hivyo.

"Soma wewe," nikamwambia.

"Mimi? Watu watasema nini?"

"Nilishasema mimi yote wanayoweza kusema. Soma."

Alisoma. Nilikaa kiti cha pili nikimgeuzia kurasa. Anasoma vizuri. Kabla ya kuanza alitakiwa aseme kwa nini sauti imebadilika, lakini akakataa: "Sitalisema hilo kwenye mashine kabla wewe hujalisema kwa mdomo wako. Nenda kwanza."

Jumanne, 20 Mei

Muleba. Ta Rugaibula alisikiliza bila kunikatiza, kama mahakamani. Kisha akauliza amezikwa wapi, nani aliendesha ibada, tuliimba wimbo gani. Nikamjibu yote. Akauliza, "Na ule mkungu?"

"Nilimpa jirani, Ta."

Alitikisa kichwa. Akaniomba nimsomee namba ya Mwijage wa Kaagya na ya Ma Kokwijuka. Hakuniambia anazitakia nini.

Alhamisi, 22 Mei

Kaagya. Mwijage alisimama, akaenda nje, akasimama kwenye mvua. Nilipotaka kumfuata, mkewe alinizuia.

Jumatano, 28 Mei

Salma amemaliza sura ya ishirini. Mvua inapungua. Mwanamke wa kwenye riwaya alimpata kaka yake.

Jumapili, 1 Juni

Nilikuwa nimetoka tu kanisani nikasikia gari dogo la abiria likipanda kilima chetu kwa gia ya kwanza. Likasimama mlangoni. Bwana Aristides ameshuka wa kwanza, na nyuma yake, mmoja mmoja, mkono begani kwa aliye mbele, watu kumi na wawili. Ta Rugaibula amevaa koti na tai. Mwijage amebeba mkungu. Ma Kokwijuka ndiye aliyeongoza.

"Hodi," alisema. "Tumekuja msibani."

Jirani zangu walikusanya nyasi upesi, wakatandika sebuleni kama inavyotakiwa msibani. Walikaa chini. Mmoja mmoja walinishika mkono, "Pole, mama," "Pole, mama," kana kwamba amezikwa jana. Na mimi, ambaye mwaka juzi sikulia mbele za watu kwa sababu ya hasira, leo nimelia mpaka khanga ikalowa. Wao pia walilia. Ta Rugaibula alisimama akaeleza marehemu alikuwa nani kwao, na alijua mambo ambayo mimi sikuyajua: kwamba akikosea neno alikuwa anacheka kidogo puani, kwamba mbwa wetu husikika katika kitabu cha tatu.

Salma alikuwa amesimama nje, kwenye kibaraza. Nilikwenda nikamshika mkono, nikamketisha pembeni yangu juu ya nyasi. Ma Kokwijuka alisikia hatua za watu wawili zikija pamoja. Akasogea kutupa nafasi.

Kisha wakataka kumwona. Ndivyo walivyosema, kumwona. Nikawaongoza kwenye migomba, msururu ule ule, mkono begani. Walipiga magoti kulizunguka kaburi, wakaweka viganja juu ya saruji, wengine shavu. Mwijage alipima urefu wake kwa mikono na akasema, "Kumbe alikuwa mrefu."

Ma Kokwijuka alikuwa kichwani, kwenye jiwe. Vidole vyake vilikuwa vinapita kwenye herufi zilizochimbwa. Anazijua, alizisoma miaka thelathini kwenye magunia. Alisoma kwa sauti, moja moja. Akasimama. Akarudi mwanzo.

"N, A, T, H, A, N, E, L," alisema. "Hapa pana herufi imekosekana. Nani alisimamia kazi hii?"

Nilisogea. Nilichuchumaa na kutazama, mimi mwenye macho. Ilikuwa kweli. Fundi alisahau A moja, na miaka miwili nimepita pale kila siku nikienda kukata majani ya ndizi, uso nimeugeuzia upande.

"Mimi, Ma," nikasema. "Mimi ndiye niliyetakiwa kuisoma."

"Basi isomwe sasa," alisema. Akanipa mkono nimwinue, na nilipomwinua hakuuachia.

Wamekula, wamekunywa, wameondoka kabla giza halijaingia. Salma amebaki kunisaidia vyombo. Nimempigia simu fundi. Anasema nafasi ya kuchomeka hiyo herufi hakuna, itabidi jiwe zima litengenezwe upya. Nimemwambia alitengeneze. Anakuja Jumatano.